Mtoto aliyefukuzwa ni wa nani?

Ijumaa moja baada ya swala, mzee mmoja jirani yangu alinivuta pembeni mwa msikiti akanionyesha barua. Ilitoka katika shule ya sekondari ya Kiislamu ambayo sitaitaja jina. Ilimweleza kuwa binti yake wa kidato cha pili hakufikisha wastani uliowekwa na shule, na kwa hiyo mzazi anashauriwa kumtafutia mwanawe shule nyingine inayolingana na uwezo wake. Binti hakuiba, hakupigana, wala hakutoroka bweni. Alishindwa hesabu na fizikia. Mzee yule ni fundi cherehani, na ada ya mwaka mzima alikwisha kuilipa. Aliniuliza swali ambalo pale pale sikuwa na jibu lake: "Ustadhi, kama walikuwa wanamtaka aliyekwisha kujua, mimi ada nilikuwa nalipia nini?"

Swali hili si la mzee yule peke yake. Liko taifa moja ambalo limebishana juu yake kwa zaidi ya miaka thelathini, katika mabunge, mahakamani na magazetini. Taifa hilo ni Marekani, na ubishi wenyewe ni kati ya shule za kawaida za umma na zile ziitwazo shule za mkataba. Nimeona tuutazame ubishi huo kwa utulivu. Si kwamba Wamarekani ndio walimu wetu wa uadilifu. Ni kwamba wao wamelifanya jambo hili hadharani, kwa fedha za umma, na faida na hasara zake zimeonekana.

Shule za mkataba ni nini?

Shule ya mkataba hulipiwa na serikali na haitozi ada. Lakini haiendeshwi na bodi ya elimu ya wilaya kama shule nyingine za umma. Kikundi cha walimu, wazazi au taasisi huingia mkataba na mamlaka ya umma, kikapewa uhuru wa kuajiri, kupanga ratiba na kuweka nidhamu kinavyoona, kwa sharti kwamba wanafunzi wafaulu. Wasipofaulu, mkataba unaweza kuvunjwa na shule ikafungwa. Sheria ya kwanza ya namna hii ilipitishwa katika jimbo la Minnesota mwaka 1991. Leo shule hizo zinakaribia 8,000 na zina wanafunzi zaidi ya milioni 3.5. Mijini, wengi wao ni watoto wa watu weusi na wa Kilatino, na huko Minneapolis ndugu zetu wa Kisomali nao wamepeleka humo watoto wengi.

Wazo lenyewe lilianza kwa nia njema. Mmoja wa walioliuza kwa watu, mwaka 1988, alikuwa Albert Shanker, kiongozi wa chama kikubwa cha walimu. Alitaka walimu wapewe nafasi ya kujaribu njia mpya kwa watoto ambao shule za kawaida zilikuwa zimeshindwa nao. Baadaye yeye mwenyewe aligeuka kuwa mkosoaji wa namna wazo hilo lilivyotekelezwa. Na shule ya kwanza kabisa ya mkataba, City Academy, iliyofunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992, ilikusanya vijana waliokuwa wamekwisha kuacha masomo. Msomaji alishike jambo hili. Shule ya kwanza ya mkataba ilifunguliwa kwa ajili ya waliotupwa. Sasa tutazame iliishia wapi.

Mlango wa kuingilia

Kwa sheria, shule ya mkataba haitakiwi kuchagua wanafunzi kwa akili au kwa rangi. Waombaji wakizidi nafasi, hupigwa kura. Kura hii si kamari, maana hakuna anayeweka mali yake ili ale ya mwenzake. Ni njia ya kugawa kitu kisichotosha pasipo kumpendelea mtu. Sisi Waislamu tunaijua. Qur'an katika Surat Aal Imran, aya ya 44, inatukumbusha jinsi wale watu walivyotupa kalamu zao ili ijulikane nani amlee Maryam. Naye Mtume (s.a.w.) alikuwa akipiga kura baina ya wakeze anapotaka kusafiri. Kwa hiyo katika hili la kura hatuna ugomvi na Wamarekani.

Lakini kura hupigwa baina ya waliojaza fomu. Mama anayefagia maofisini usiku na kuuza dukani mchana, asiye na muda wa kuhudhuria mikutano ya wazazi, anaweza hata asijue kwamba fomu zipo. Mtoto wake hakushindwa kura. Hakuwemo ndani ya kura. Wakosoaji wanasema kwamba mchujo unaanza hapo, kimya kimya, kabla jina lolote halijasomwa. Shule inapata watoto ambao nyumbani kwao yupo mtu mwenye nafasi ya kuwafuatilia, na hilo peke yake ni nusu ya kufaulu.

Hata hivyo, haki inatutaka tuseme pia la upande wa pili. Shule ya kawaida ya umma huko Marekani nayo inachagua, tena kwa kitu kibaya zaidi, yaani anwani ya nyumba. Mtoto huingia shule ya mtaa anaoishi, na sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya majengo ya eneo hilo. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyotoka San Antonio, Texas, ilikataa kusema kwamba utaratibu huo unavunja katiba. Mwaka 2011 huko Ohio mama mmoja alifungwa siku kadhaa kwa kutumia anwani ya baba yake ili wanawe wasome shule nzuri. Tena mjini New York zipo shule za sekondari za umma zinazoingiza watoto kwa mtihani mgumu tu. Basi mtu asidhani kwamba huku kuna malaika na kule kuna mashetani. Tajiri hununua shule nzuri ya umma kwa kununua nyumba. Maskini alipoletewa shule ya mkataba akaikimbilia, tusimlaumu.

Mlango wa kutokea

Shida kubwa iko katika mlango wa pili, ambao wengi hawautazami. Shule inaweza kuingiza kwa kura safi kabisa, kisha ikachuja kwa kutoa.

Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba katika shule moja ya mtandao wa Success Academy, huko Brooklyn, mkuu wa shule alikuwa na orodha ya watoto 16 chini ya kichwa cha maneno yenye maana kwamba hawa lazima waondoke. Tisa kati yao waliondoka. Uongozi wa mtandao ulikiri kuwa orodha ile ilikuwa kosa, ukasema ilisahihishwa upesi na kwamba si desturi yao. Tuwakubalie. Lakini kumbuka, msomaji, kwamba mtoto anaweza kuondolewa bila barua ya kufukuzwa. Mzazi akiitwa kazini kila siku saa nne asubuhi aje kumchukua mwanawe, atachoka. Mwisho atamhamisha mwenyewe, na kwenye daftari itaandikwa kwamba mzazi alihama kwa hiari.

Mtandao huo huo ulikuwa haupokei wanafunzi wapya baada ya darasa la nne. Maana yake ni kwamba anayetoka hana wa kuziba nafasi yake, na darasa linazidi kuwa dogo na kubaki na walioweza. Mwaka 2006 ulianza na watoto 73 wa darasa la kwanza. Mwaka 2018 ulipotoa wahitimu wake wa kwanza wa sekondari, walikuwa 16. Wapo waliohama mji kwa sababu za kawaida, na wapo waliokaririshwa darasa. Sisemi wote walisukumwa. Ninachosema ni kwamba 16 hao walisifiwa kuwa wote walikwenda vyuoni, na sifa hiyo ni ya kweli, ila haikuwaeleza watu habari za waliobaki njiani.

Na walikwenda wapi? Wengi wa watoto wa namna hii hurudi shule ya umma ya mtaani. Hiyo haina ruhusa ya kusema nimejaa, wala kusema huyu hatufai. Humpokea katikati ya mwaka, akiwa nyuma kwa masomo na moyo umevunjika. Mwisho wa mwaka shule hizo mbili hupimwa kwa mtihani mmoja, na gazeti huandika kuwa ile imefaulu na hii imefeli. Hapa ndipo msomaji wa Qur'an anapokumbuka Surat al-Mutaffifin, ambayo mwanzo wake unawaahidi adhabu wale wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunja wengine. Mizani si ya mchele na sukari tu. Ukimtoa mtoto mzito katika kapu lako ukamtia katika kapu la jirani, kisha ukajitangaza kuwa kapu lako ni jepesi kulibeba, umecheza na mizani.

Hoja za watetezi

Watetezi wa shule za mkataba wana majibu, na si ya kupuuzwa.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba mafanikio yao si ya mchujo peke yake. Huko Boston wachumi wa vyuo vikuu waliwalinganisha watoto walioshinda kura na walioshindwa, wote wakiwa wameomba, na walimhesabu mshindi kama mshindi hata kama baadaye alihama. Bado waliona walioshinda walipanda sana, hasa katika hesabu. Huo ni ushahidi mzito, na mwadilifu anaukubali. Lakini si kila shule ya mkataba ni ya Boston. Uchunguzi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2009 uliona kuwa asilimia 17 tu ya shule hizo zilizishinda za kawaida katika hesabu, na asilimia 37 zilikuwa mbaya zaidi. Ule wa mwaka 2023 ulionyesha zimepanda na kutangulia kidogo. Kwa hiyo kufundisha vizuri kunawezekana. Na kama kunawezekana, kwa nini atupwe mtoto?

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wanauliza: je, watoto thelathini waliokuja kusoma hawana haki? Mmoja akitupa viti na kumtukana mwalimu kila siku, ni uadilifu gani unaowanyima thelathini ili kumhifadhi mmoja? Wazazi maskini ndio wanaouliza swali hili kwa ukali, maana tajiri alikwisha kuwahamisha wanawe zamani. Mimi sina ujasiri wa kumwambia mzazi huyo kuwa anakosea.

Jibu naliona katika hadithi ya Mtume (s.a.w.) aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir. Ni mfano wa watu waliopanda jahazi wakapiga kura, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini, kwa kuona taabu ya kupita juu kuteka maji, wakaazimia kutoboa tundu katika sehemu yao. Wakiachwa, wote wanaangamia. Wakizuiwa mikono yao, wote wanaokoka. Angalia vizuri. Mfano huu haukubali kumwacha mharibifu atoboe, kwa hiyo nidhamu ni wajibu. Lakini pia hausemi kwamba watu wa chini watupwe baharini. Unasema washikwe mikono. Baina ya kumwachia mtoto aharibu darasa na kumtupa nje ipo kazi ya katikati, nayo ni kumshika mkono. Ni kazi ngumu, yenye gharama, isiyoonekana kwenye mabango ya matangazo.

Zaidi ya hayo, watoto wanaofukuzwa si wahuni wote. Wapo wenye ulemavu, wapo wenye usumbufu ambao ni ugonjwa. Sheria ya Marekani ya tangu mwaka 1975 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya umma inayomfaa. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu, katika kesi ya Goss na Lopez iliyotoka Columbus, Ohio, iliamua kwamba shule ya umma haiwezi kumsimamisha mwanafunzi hata kwa siku kumi bila kumwambia kosa lake na kumsikiliza. Ni jambo ambalo kadhi yeyote analijua: usihukumu mpaka umesikia pande zote mbili. Ila katika majimbo kadhaa shule za mkataba ziliachiwa zijiandikie taratibu zake za kufukuza, na hapo ndipo malalamiko yalipozidi.

Somo la New Orleans

Mji mmoja ulilazimika kulijibu swali la mzee wangu moja kwa moja. Baada ya kimbunga cha Katrina cha Agosti 2005, shule nyingi za New Orleans zilichukuliwa na jimbo na kugeuzwa za mkataba, hata ilipofika mwaka 2019 zote zilikuwa hivyo. Sasa, kama kila shule ni ya mkataba na kila moja inaweza kumkataa mtoto, huyo mtoto aende wapi? Hakukuwa tena na shule ya jirani ya kumtupia. Mwaka 2010 wazazi wa watoto wenye ulemavu walifungua kesi wakidai wanawe wanakataliwa au hawahudumiwi. Mwaka 2012 mamlaka ikaanzisha fomu moja ya maombi na kura moja kwa shule nyingi, na ikaondoa uamuzi wa kufukuza mikononi mwa mkuu wa shule mmoja mmoja, ukapelekwa ofisi moja yenye kanuni moja. Anayetaka kumfukuza mtoto lazima aende kutoa sababu mbele ya mtu asiyekuwa mshindani katika matokeo.

Hilo halikuumaliza ubishi wote. Lakini lilisimamisha kanuni ambayo naiona ndiyo kiini cha jambo lote. Uhuru wa kuchagua wanafunzi hauna haki ndani yake mpaka liwepo jibu la swali hili: aliyetolewa anapokelewa na nani, na nani anawajibika kwake? Nabii Yunus (a.s.), kama tusomavyo katika Surat as-Saffat, alitupwa kutoka katika jahazi lililoelemewa. Hata katika hatari ile ilipigwa kura. Hawakusema atupwe aliye dhaifu. Na alipotupwa, Mwenyezi Mungu hakumwacha bila wa kumpokea. Sisi tunapomtupa mtoto, tumemwandalia nani? Kijiwe kilicho nje ya geti?

Na sisi je?

Turudi kwa fundi cherehani. Atatokea wa kusema kwamba shule zetu za Kiislamu si za serikali, ni za watu binafsi, na mwenye duka huchagua mteja. Sikubaliani naye. Nyingi ya shule hizi zilijengwa kwa michango ya misikitini, kwa sadaka za kina mama waliotoa shilingi mia tano tano Ijumaa baada ya Ijumaa, na kwa viwanja vya wakfu. Walioombwa walielezwa kuwa ni kwa ajili ya kuwanusuru watoto wa Kiislamu. Hawakuambiwa kuwa ni kwa ajili ya wenye wastani wa sitini tu. Huo ndio mkataba wetu, na shahidi wake ni Mwenyezi Mungu.

Serikali imewahi kuzikataza shule binafsi kufukuza wanafunzi kwa sababu ya wastani wa shule, na mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora, jambo lililopunguza kiherehere cha mashindano. Lakini mabango ya "asilimia mia daraja la kwanza" bado yanaonekana barabarani, na walimu wakuu bado wanaogopa mtoto mmoja atakayeyaharibu. Nami nakubali kwamba wanabanwa. Shule isiyofaulisha haipati wanafunzi, na isiyo na wanafunzi hailipi mishahara. Sisi wazazi ndio tunaowabana. Tunapotafuta shule, swali letu la kwanza ni wangapi walipata daraja la kwanza. Ni nani kati yetu amewahi kuuliza walioanza walikuwa wangapi?

Surat Abasa ilishuka kwa sababu ya kipofu, Ibn Umm Maktum (r.a.), aliyekuja na shauku ya kujifunza wakati Mtume (s.a.w.) akiwa amewaelekea wakuu wa Makuraishi, akitaraji uongofu wao. Nia ya Mtume ilikuwa ya kuitukuza dini, na bado Mola wake alimzindua kwamba anayekuja akikimbilia elimu ndiye wa kuelekewa. Kipofu yule baadaye alikuwa mmoja wa waadhini wa Madina. Kama Mtume wa Mwenyezi Mungu alizinduliwa kwa kukunja uso tu, sisi tunaomwandikia barua mtoto aondoke tutajibu nini?

Sitaki kuishia kwenye lawama. Yapo mambo matatu ambayo bodi za shule zetu zinaweza kuyafanya muhula ujao. Kwanza, kila shule itangaze pamoja na matokeo yake idadi ya walioanza kidato cha kwanza na idadi ya waliofika kwenye mtihani. Pili, asifukuzwe mwanafunzi kwa alama, na anayefukuzwa kwa utovu wa nidhamu asikilizwe yeye na mzazi wake mbele ya watu ambao si waajiriwa wa shule. Tatu, shule inayomtoa mtoto imtafutie yenyewe mahali pa kwenda kabla haijamkabidhi begi lake, na ada ya miezi ambayo hakusoma irudishwe.

Binti wa fundi cherehani sasa anasoma shule ya kata karibu na kwao, kwenye darasa lenye wanafunzi wengi kuliko madawati. Mwalimu wa hesabu pale, ambaye hana bango barabarani, humbakisha na wenzake watano kila Jumanne na Alhamisi baada ya kengele. Mwaka huu au ujao gazeti likiandika matokeo ya shule hizi mbili, mimi nitajua ni ipi iliyofanya kazi ya kufundisha.

Wabillahi tawfiq.